Nani Alizima

Binti wa marehemu alikuwa amefika mwaka 1974 pale sauti ilipozima.

Alikuwa anasoma wasifu wa mama yake, mwalimu aliyeifundisha kwaya yetu kwa zaidi ya miaka 30. Ilikuwa Desemba, wakati ambao Wachagga wa Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wanapanda kurudi nyumbani, kwa hiyo watu walikuwa wengi kuliko maturubai. Waliokosa viti walisimama kihambani, katikati ya migomba, huku Old Moshi juu ya Kiboriloni. Tulikuwa tumefunga spika nne ili hata wale wa migombani wasikie. "Mwaka 1974 mama alihamishiwa," alisema, na hapo spika zote nne zikanyamaza kwa pamoja.

Hapakuwa na mlio wala mkwaruzo. Binti aliinua macho, akangoja kidogo, kisha akaendelea kusoma kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa imekauka kwa kulia. Waliokaa safu tatu za mbele walimsikia. Sisi wengine tuliona midomo ikicheza. Kijana wetu wa mitambo alikimbia kutoka kwenye meza yake hadi jukwaani, akainama, akachomoa na kuchomeka, akarudi. Baada ya dakika kama nne hivi spika zilifufuka. Binti alikuwa ameshaikunja karatasi yake.

Mimi ni mhazini wa kamati ya vyombo katika usharika wetu. Nilikuwa nimesimama karibu na meza ya mitambo, nimeona aibu kama mwenye nyumba ambaye wageni wamemkuta hana chumvi. Ndani ya kimya kile, ambacho hakikuhitaji kipaza sauti, nilisema: "Vitu vya bei rahisi ndivyo vilivyo. Na mtu wake ndiyo hivyo hivyo."

Watu waligeuka. Baadhi walitikisa kichwa kukubali. Zilikuwa sentensi mbili tu, na kwa muda huu wote nimekuwa nikijiuliza nilikuwa na haki gani ya kuzisema.

Kilichonyamaza siku ile kilikuwa miksa ya dijitali. Tuliinunua miaka miwili kabla ya msiba, ikiwa imeshatumika, kwa shilingi 4,500,000. Sitaitaja ni ya kampuni gani, na msomaji ataona baadaye kwa nini. Wazee wa kamati walitaka tununue miksa ya zamani, ile yenye vitufe mia na kitu, kwa sababu ndiyo waliyoizoea. Kijana alituketisha akatufafanulia.

Katika miksa ya zamani kila kipaza sauti kina njia yake ya umeme, kuanzia tundu la kuingilia hadi la kutokea. Ukitaka mwangwi, unanunua kifaa cha mwangwi. Ukitaka kuzuia sauti ya mhubiri isipasuke anapopaza, unanunua kifaa kingine. Katika ya dijitali, sauti ikiingia tu hupimwa, mara 48,000 au zaidi kwa kila sekunde, na kila kipimo huwa namba. Kuanzia hapo kazi yote ni hesabu. Mwangwi ni hesabu, kupunguza besi ni hesabu, na kabati zima la vifaa linaingia ndani ya boksi moja. Mpangilio wa kwaya kuu unahifadhiwa, wa vijana unahifadhiwa, na Jumapili unauita kwa kubonyeza mara moja. Anayepanga sauti anaweza kukaa benchi la nyuma na kishikwambi chake, asikie kile wanachosikia waumini. Haya yote zamani yalikuwa ya vituo vya televisheni na bendi kubwa. Sasa yalikuwa yanawezekana kwa fedha za mavuno ya usharika mmoja wa mlimani.

Kijana alitueleza pia upande wa pili, na hili nakiri alilisema wazi. Miksa ya zamani hufa vipande vipande. Njia ya nne ikianza kukwaruza, unahamia ya tano na ibada inaendelea. Ya dijitali ina ubongo mmoja, na ubongo ukipoteza fahamu vyote vinanyamaza pamoja. Umeme ukikonyeza sekunde moja tu, ya zamani hurudi na umeme. Ya dijitali lazima iwake upya kama kompyuta, na ibada ingoje. Tena, badala ya lile fungu zito la nyaya za shaba kutoka jukwaani hadi mezani, kuna waya mmoja mwembamba wa mtandao unaobeba vipaza sauti vyote. Ukiteguka huo, umetegua kila kitu. "Kwa hiyo baba zangu," alisema, "hii ni nzuri, lakini inataka kulindwa." Akaandika orodha ya vitu vya kuilinda. Tukampigia makofi, tukafunga kwa sala.

Waliotikisa kichwa siku ya msiba hawakuwa wakimsikiliza mhazini peke yake. Walikuwa na sauti nyingine masikioni, ile inayotembea madukani na vijiweni: cha bei rahisi ni kibovu, na chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sauti hiyo haikuanzia Moshi. Katika kazi ya sauti duniani kuna kisa kinachojulikana. Uli Behringer alianzisha kampuni yenye jina lake mwaka 1989, akauza vifaa kwa bei iliyowashangaza washindani wake. Mwaka 1997 kampuni ya Mackie ya Marekani ilimshitaki ikidai ameiga miksa zake. Kwa miaka mingi mafundi wakubwa walilitamka jina Behringer kwa kejeli, kuwa ni la wanaoanza na wasio na fedha.

Kisha mwaka 2009 kampuni hiyo iliinunua Midas ya Uingereza, ambayo miksa zake ziliheshimika kwenye majukwaa makubwa. Mwaka 2012 ilitoka miksa ya dijitali iitwayo X32, yenye chaneli 32, kwa bei iliyokuwa karibu dola 3,000, na mwaka 2014 ikatoka Midas M32. Kwa ndani mashine hizi mbili ni ndugu: zina mengi ya pamoja katika programu na namna ya kufanya kazi, ingawa M32 ina sehemu zilizoboreshwa na bei ya juu zaidi. Ikawa kichekesho kizuri kwa wanaopenda kufikiri. Mtu aliyekuwa akimcheka ndugu mmoja alimwinamia mwingine. X32 nayo ikaingia makanisani na kwenye kumbi ndogo za dunia nzima, ikafanya kazi, na wengi wa waliocheka wakaacha kucheka. Miksa yetu haikuwa mojawapo ya hizi. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha jinsi jina linavyoweza kutangulia mbele ya sikio, likaliambia sikio lisikie nini.

Sisi wa Kilimanjaro tungepaswa kulijua hili kuliko wengine, maana tulilelewa na kahawa. Babu zetu waliunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, kwa sababu hawakutaka mtu mwingine awaamulie thamani ya jasho lao. Kahawa ina desturi moja ninayoiona ya haki sana. Inapofika kwa waonjaji, vikombe hupangwa mezani na sampuli hujulikana kwa namba. Mwonjaji huvuta kijiko kwa mlio mkubwa, husukasuka mdomoni, hutema, huandika. Kikombe hakimwambii kama shamba ni la tajiri wa Machame au la mjane wa Uru. Kwanza ulimi, halafu hukumu. Siku ya msiba mimi nilianza na hukumu, na ulimi nikautumia kwa kazi nyingine.

Masika yalipoanza, Machi, kamati iliamua kuiuza miksa. Ili tupate bei ya kueleweka tulimwita fundi kutoka mjini aipime. Aliifungua, akapuliza vumbi, akaangalia kila ubao kwa tochi. Hakukuta kilichoungua. Akaiwasha akaiacha inapiga nyimbo kwa saa sita, na haikukohoa hata mara moja. Ndipo akauomba waya wa mtandao tuliokuwa tunautumia. Akauchomeka, akakishika kichwa chake kwa vidole viwili, akakitikisa kidogo. Kimya. Akakisukuma ndani. Sauti. Akatikisa tena. Kimya kile kile cha Desemba.

Kile kiulimi cha plastiki kinachoshika kichwa kisichomoke kilikuwa kimevunjika. "Huu ni waya wa kompyuta ya ofisini," fundi alisema. "Unatakiwa ukae nyuma ya meza miaka kumi bila kuguswa. Nyie mnauburuta misibani. Nani aliwanunulia?"

Nilimwambia tutaangalia.

Jioni ile nilifungua faili. Orodha ya kijana ilikuwepo, kwa mwandiko wake wa kulala. Namba nne: waya wa mtandao mita 30, wenye kinga ya bati ndani na vichwa vya chuma, 280,000. Imekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni imeandikwa: "Upo wa 45,000." Namba tano: UPS ya kushikilia umeme unapokonyeza. Imekatwa, pembeni: "Baadaye." Kalamu nyekundu ni yangu. Saini chini ya ukurasa ni yangu.

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya shilingi 235,000 nilizookoa. Niliwaza kuhusu yule kijana. Hakuna kikao kilichomfukuza. Watu waliacha tu kumpigia simu. Harusi ya Januari ilimchukua mtu wa mjini, na ya Februari pia. Kufikia Machi alikuwa na bodaboda kwenye kijiwe cha Kiboriloni, akibeba abiria na marobota ya mitumba. Yeye aliyekuwa anajua kuisikia sauti ya tatu ikipotea kwenye kwaya ya watu 40.

Tangu hapo nimejaribu kulielewa swali lenyewe: tunaposema kifaa ni cha kuaminika, tunasema nini hasa?

Zamani ningejibu kwamba uaminifu umo ndani ya kifaa, kama uzito ulivyo ndani ya jiwe. Sasa naona vingine. Siku ile palikuwa na miksa, waya, mlango wa turubai uliopitiwa na viatu vya watu mia kadhaa, mkono wa kijana, na kalamu ya mhazini. Sauti ilipita katikati ya vyote hivyo. Ilipokatika, niliangalia mlolongo mzima nikachagua viungo viwili vya kulaumu: kile kisichoweza kujibu, na yule asiyethubutu kumjibu mtu wa umri wangu.

Kuna jambo nililolielewa pia kuhusu bei. Anayenunua kifaa cha ghali sana hanunui chuma tu. Mara nyingi amelipia pia vichwa imara, sanduku la kubebea, na mtu wa kumpigia simu kikiharibika. Uangalifu umelipwa mapema, umo ndani ya bei. Cha bei nafuu kinakuja bila hayo, na kinakuambia kimyakimya: hiyo sehemu nyingine utaitoa wewe. Kwa hiyo unafuu si zawadi. Ni mkopo wa uangalifu. Ukichukua kifaa ukakataa kulipa ule mkopo, kisha kikazima, aliyeshindwa kutimiza ahadi ni nani?

Msomaji anaweza kunipinga hapa, naye atakuwa na hoja. Vipo vifaa vibovu kweli. Vipo vilivyotengenezwa na mtu aliyejua vitaharibika, akahesabu faida yake akalala usingizi. Vipo vyenye nembo ya kughushi. Maskini akiuziwa kitu kama hicho amepoteza akiba ya miaka, na anayejua akanyamaza amemsaidia mwizi. Kuonya ni wajibu. Sitaki kuandika kana kwamba kila lawama ni dhambi, wala kwamba kila kiwanda kinaonewa.

Lakini kuna tofauti kati ya kusema kilichotokea na kusema kitu ni nini. "Miksa ilinyamaza dakika nne, na bado hatujajua kwa nini" ni ushahidi. Anayeusikia anaweza kuuliza: mlikuwa na umeme wa aina gani? Waya ulipita wapi? Unaacha mlango wazi. "Ni kibovu, na mtu wake ni hivyo hivyo" ni hukumu, nayo hufunga mlango. Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii nimeipenda tangu utoto, ila sasa inanitisha, maana naona jinsi linavyokuja. Linakuja kwa sababu limesemwa. Nilisema kijana hafai kazi ya mitambo, na baada ya miezi mitatu hakuwa na kazi ya mitambo. Ningeweza kumwonyesha mtu yeyote kwamba nilikuwa sahihi.

Asubuhi ambayo hakuna mawingu, ukiwa barabarani hapa Kiboriloni, unaona vilele viwili: Kibo, mita 5,895, mweupe na laini, na kulia kwake Mawenzi, mita 5,149, umevunjikavunjika kama mtungi ulioanguka. Wazee husimulia kwamba walikuwa majirani. Mawenzi alimwendea Kibo kuomba kaa la moto, likazima njiani, akarudi kuomba tena, likazima tena. Mara ya tatu Kibo, aliyekuwa akitwanga, alikasirika akampiga kwa mchi, na ndiyo maana Mawenzi yuko vile. Wengine husema moto haukuzima wenyewe, aliuzima makusudi, apate sababu ya kurudi.

Nilipokuwa mtoto kisa hiki kilituchekesha. Siku hizi najiuliza nani alishuhudia. Njia kati ya vilele vile ina upepo mkali. Huenda kaa lilikuwa dogo tangu lilipotolewa. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba mmoja alikuwa na moto na mchi, na mwingine amebaki na jina la mzembe na sura iliyovunjika, na sisi wote tunakisimulia kisa kwa upande wa mwenye mchi.

Nilishuka kijiweni siku ya Jumatano. Kijana alikuwa nyuma ya duka moja, anafuta pikipiki yake tope.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Nikamweleza habari ya fundi, waya, na kalamu nyekundu. Nikamwambia naomba radhi.

Aliendelea kufuta kwa muda. Kisha akasema, bila ukali wowote: "Mzee, kosa langu lipo. Waya niliupitisha mlangoni. Nilitakiwa niupandishe juu, nilichelewa, watu walishaanza kuingia. Ungeniuliza siku ile ningekwambia." Akakamua kitambaa. "Ila ulinisema mbele za watu, na msamaha umeuleta nyuma ya duka."

Sikuwa na jibu. Nilipanda zangu nyumbani kwa miguu, ili safari iwe ndefu.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, niliomba dakika tatu. Nilisema kwa kutumia miksa ile ile, ambayo kamati ilikuwa imeacha kuiuza, kupitia waya mpya wenye vichwa vya chuma. Nilisoma namba nne na namba tano kama zilivyoandikwa, nikataja kalamu ilikuwa ya nani. Sauti ilitoka safi, ikafika hadi nje kwa wanaochelewa. Yeye hakuwepo kanisani.

Nilimpigia simu pia binti wa marehemu, nikamweleza, nikamwomba nakala ya wasifu ili kamati iihifadhi. Alinishukuru kwa upole. Alisema mama alishasomewa wasifu wake, na waliokuwa karibu walisikia. Mpaka leo sijui mwalimu wetu alihamishiwa wapi mwaka 1974. Wapo watakaoniambia nikiuliza, lakini sijauliza. Naona hilo ni deni ambalo sipaswi kulilipa kirahisi.

Jina baya nililompa kijana lilifika Kiboriloni jioni ile ile ya msiba. Nililolitamka kanisani lilichukua wiki tatu kuteremka njia hiyo hiyo, likimfikia kwa midomo ya abiria wake, mmoja mmoja. Mwezi Juni alirudi mezani kwake kwa malipo aliyoyataja mwenyewe, ambayo si madogo, na akaleta orodha mpya ya vitu saba. Niliisoma yote. Nilisaini bila kukata kitu.